Jinsi ya kuiandaa nyumba kabla ugonjwa wa mlipuko haujafika mtaani kwenu (bila kula mtaji)

Jamani habari zenu. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbagala na nina genge langu la nyanya, vitunguu na dagaa, kwa hiyo haya mambo nimeyaona pande zote mbili, nikiwa mlangoni kwa watu na daftari langu na nikiwa gengeni nimekaa sina mteja. Kipindupindu cha 2015 kilivyoanza hapa Dar mwezi wa 8 ndo nilikuwa naanza anza hii kazi, Korona ya 2020 ikanikuta na genge tayari.

Na niwaambie tu, 2020 hatukufungiwa ndani kama wenzetu, lakini shule zilitangazwa kufungwa tarehe 17 mwezi wa 3, daladala zikawa level siti (hakuna kusimama), watu wakaanza kuogopana, na mama niliyekuwa namuuzia nyanya za kachumbari, yeye anauza mihogo nje ya shule, akakosa wateja wote siku moja. Hakuumwa, mtoto wake hakuumwa, ila wiki ya tatu alikuwa ameshakula mtaji wote na mwezi wa 6 shule zilivyofunguliwa hana hata hela ya ndoo ya mafuta ya kuanzia. Sasa mwongozo huu ni wa watu kama yeye na mimi, tunaopata leo tunakula leo, sio wa kwenda kujaza troli supamaketi.

Hatua ya 1: Andika hela inatoka wapi

Chukua daftari, andika kila anayeingiza hela hapo nyumbani na hela yake inategemea nini. Baba konda, mama anauza chipsi stendi, hizo sio kazi mbili, ni kazi moja, kwa sababu watu wakiacha kupanda gari zote zinakufa siku hiyo hiyo. Watu wengi hawalioni hili mpaka limewakuta. Kama wote mnategemea mikusanyiko ya watu, mmoja aanze kidogo kidogo kitu ambacho watu watanunua hata wakiwa ndani, mkaa, unga wa uji, sabuni ya kupima, chochote.

Halafu jiulize, nikiambiwa nikae ndani siku 21 tunaishi? Hiyo 21 sijaitoa kichwani. Marburg na Ebola vinaweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla mtu hajaonyesha dalili, ndo maana aliyegusana na mgonjwa anafuatiliwa siku zote hizo. Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini mwezi wa 3 mwaka 2023 waliothibitika walikuwa 8 tu na mmoja wa kudhaniwa, ila waliofuatiliwa walikuwa wengi kuliko hao mara nyingi, watu wazima wenye mashamba na biashara zao. Sasa wewe huumwi ila hutoki, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Kwa hiyo lengo letu ni wiki 3, usijitese na mambo ya miezi sita.

Hatua ya 2: Tenga hela mafungu matatu

Fungu la mtaji, fungu la kula, fungu la dharura. Yasikae sehemu moja. Mi mtaji unakaa kwenye laini nyingine kabisa ambayo simu yake nimeizima, ya dharura iko kwenye kibubu, ya kula ndo iko kwenye mkoba. Dharura anza hata na 500 kwa siku, usicheke, kwa miezi mitatu hiyo ni 45,000 na ni bajaji ya usiku kwenda hospitali na chenji inabaki.

Kama uko kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopeshana), kikao kijacho uliza swali hili mbele ya wote, mlipuko ukija na tusipoweza kukutana hisa zinaingiaje na mkopo unasimama au unaendelea kuhesabiwa? Na mfuko wa jamii unatoa shilingi ngapi mtu akiwekwa karantini? Mkubaliane sasa hivi mkiwa mnacheka, maana siku ya shida kila mtu ana tafsiri yake ya katiba.

Kausha damu, hiyo mikopo ya riba kali, malizana nazo mapema. Hapa naongea kwa uchungu. 2020 tangawizi na malimao yalipanda bei kwa sababu kila nyumba inajifukiza nyungu, na mimi nikajiona mjanja nikaenda kukopa 200,000 kwa watu wa marejesho ya kila wiki nikajaza genge. Wiki mbili bei ikashuka kila mtu kashaleta tangawizi, malimao yakaniozea, na marejesho hayajui kama malimao yameoza. Nililipa mpaka nikauza godoro. Kwa hiyo kitu kinachopanda bei kwa sababu ya hofu usikikimbilie na hela ya mkopo, kitashuka kabla hujamaliza kulipa.

Kodi nayo, kama kwenu mnalipa miezi mitatu au sita, ongea na baba mwenye nyumba wakati hudaiwi. Mtu asiye na deni anasikilizwa.

Hatua ya 3: Chakula cha siku 21, unanunua mdogo mdogo

Usiende kununua gunia. Ukinunua gunia umeshakula mtaji, tofauti ni kwamba umeula kwa mkupuo. Piga hesabu ya nyumba yako kwanza. Kwangu tuko sita, kilo moja ya sembe inatosha ugali wa usiku, kwa hiyo siku 21 ni kilo 21. Kila wiki nikinunua unga wa kawaida naongeza kilo 2 za pembeni, wiki 10 au 11 nimemaliza na sijasikia maumivu. Maharage nusu kilo kwa mlo mara tatu kwa wiki, hiyo ni kilo 4 na nusu. Mchana mchele au makopa, asubuhi uji. Ongeza mafuta lita 3, chumvi pakiti 3, dagaa wakavu, karanga, na sukari usiisahau, mnakumbuka 2020 kuelekea mfungo ilivyoadimika mpaka serikali ikapanga bei elekezi.

Dona ni nzuri kwa afya ila kwa kuweka muda mrefu hapana, kiini cha mahindi kina mafuta kwa hiyo unga unachacha mapema na kuwa mchungu. Mi nilishamwaga karibu kilo 10, watoto waligoma kabisa na walikuwa na haki. Weka sembe, au kama una nafasi weka mahindi yenyewe usage ukihitaji.

Maharage yanaanikwa juani mpaka yakauke kweli kweli, ukiuma moja linavunjika halibonyei, yapoze, halafu jaza kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizokauka, jaza mpaka mdomoni, gonga gonga yashuke, ongeza tena, funga kwa nguvu. Wadudu wakiwemo hewa inawaishia wanakufa humo humo, ni kanuni ile ile ya mifuko ya kinga njaa wanayotumia wakulima. Usifungue fungue kuchungulia. Kila chupa andika tarehe kwa maka peni, na ya zamani ndo inatangulia jikoni, ukitoa moja wiki hiyo unarudisha nyingine. Watu wanafanya stoki kama kumbukumbu ya marehemu, haiguswi, siku ya kuihitaji wanakuta vumbi tupu. Friji msiihesabu, LUKU ikiisha na hela hakuna hiyo ni kabati tu.

Na kuni au mkaa au gesi jamani, maharage mabichi hayaliwi. Loweka usiku kucha yapungue muda wa kuiva, na mtungi mdogo ukibadilisha andika tarehe ili ujue kwako unakaa siku ngapi.

Hatua ya 4: Maji, sabuni, klorini

Madumu mawili ya lita 20 yajae muda wote, yenye mifuniko. Maji ya kisima chuja na kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, halafu chemsha mpaka yatokote sawa sawa, au weka kidonge cha kutibu maji. Soma pakiti maana vidonge vina saizi, ninavyotumia mimi kimoja ni lita 20 na nasubiri dakika 30.

Nje ya choo weka kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, pasha msumari moto toboa tundu dogo karibu na juu upande wa mbele, lining'inize kwenye mti, funga kamba shingoni ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga, sabuni ya mche itoboe uining'inize pembeni. Unakanyaga dumu linainama maji yanachirizika, hushiki chochote. Kwa wapangaji nane wanaotumia choo kimoja hiki kitu kina faida kuliko vitakasa mikono vyote, kipindupindu kinatoka chooni kinaingia mdomoni basi, hakina uchawi.

Klorini, nunua ile ya kufulia yenye 3.5%, soma chupa. Kopo 1 la dawa kwa makopo 6 ya maji ndo mchanganyiko mkali, wa matapishi na sakafu ya choo na ndoo ya mgonjwa. Ukichukua kopo 1 la huo mkali ukaongeza makopo 9 ya maji unapata mwepesi wa kuloweka nguo na vyombo. Changanya wa siku hiyo tu, vaa glavu, fungua dirisha, usichanganye na asidi ya choo wala dawa nyingine yoyote maana inatoa moshi unaoziba pumzi. Na hainywewi! Naandika hivi kwa sababu nimeshaulizwa na mtu mzima na akili zake.

Hatua ya 5: Kabati la dawa

Wenye presha na sukari ndo nawaomba wasikilize. Mlipuko ukija mtu anaogopa hospitali, dawa zinaisha, anaanguka kwa presha sio kwa ugonjwa uliotangazwa. Muulize daktari kama unaweza kuandikiwa za miezi miwili, na wa CTC (kliniki ya wanaotumia dawa za VVU) ambao hali zao ziko vizuri mara nyingi wanapewa za miezi mingi, uliza. Chanjo za watoto usiruke.

Weka ORS pakiti 10, zinki ya watoto, panadol, kipimajoto. ORS ikikosekana, maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo cha kusawazisha. Kusawazisha maana yake unapitisha kisu juu, sio kijiko chenye mlima, chumvi ikizidi inamuumiza mtoto. Ikipita siku mwaga, tengeneza mpya.

Hatua ya 6: Mgonjwa atakaa wapi

Najua wengi tuna chumba kimoja. Kitanda cha mgonjwa kiende dirishani, khanga mbili ziwe pazia, sahani na kikombe chake, na mhudumiaji awe mmoja tu asiwe bibi. Kwa mafua makali na homa za kifua hiyo inasaidia.

Ila sio kila ugonjwa unauguzwa nyumbani. Mtu anaharisha maji kama ya mchele, usisubiri asubuhi, kipindupindu kinaweza kummaliza mtu kwa masaa, mpe ORS huku mnaenda, hata kwenye bajaji mnywesheni. Na kama imetangazwa Ebola au Marburg na mtu ana homa, anatapika, anatoka damu, usimguse, usimfute, piga 199 ni bure wataelekeza. Akifariki usimwoshe, hata kama ni mama yako. Hili ni gumu mno na siwezi kujifanya jepesi, lakini mwili wa marehemu kwenye magonjwa haya ndo wakati unaambukiza sana. Waiteni watu wa afya, na sala inafanyika bila kugusa.

Hatua ya 7: Biashara isogee kwa mteja

Kusanya namba za wateja wako sasa hivi, wote, kwenye daftari, simu inaibiwa. Mimi wateja walivyoacha kuja gengeni nikaanza kufunga mafungu ya 1,000, nyanya nne, kitunguu, karoti, hoho, naweka kwenye kimfuko napeleka mlangoni, wanalipa kwa simu. Faida ilipungua ila mtaji ulizunguka, na kwa kipindi kile kuzunguka tu kulikuwa ushindi. Ndo kilichonisaidia kumalizia yale marejesho.

Hatua ya 8: Sauti za WhatsApp

Sauti ya mtu asiyejitaja jina inayosema "mimi ni nesi niko hapa hospitali", usiisambaze. Piga 199 uliza. Imeisha.

Hatua ya mwisho: Jaribuni siku mbili

Wikiendi moja msiende dukani wala sokoni, ishi na mlichoweka. Sisi tulijaribu mwaka jana nikiwa najiamini sana, unga upo, maharage yapo, maji yapo, mkaa upo. Jumamosi saa moja usiku tukagundua kiberiti hakuna, na nimezungukwa na majirani watatu ambao na wao walikuwa wananitegemea mimi.