Bia ya nyumbani: gesi mbali, povu mbali

Wenzangu hapa Malindi bia ikikosa povu mbio ni kwa sukari. Acheni. Sukari huleta gesi. Povu hutoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa ikakaushwa) na hopsi (maua machungu ya kutilia bia), na mara nyingi hufia kwenye glasi.

Usijaze chupa bia ikiwa bado inachacha. Pima kwa haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, ngoja siku 3, pima tena. Namba zikiwa zilezile, endelea. Kwa joto letu la kaskazi, bia humaliza kuchacha ikiwa imebaki na gesi kidogo sana, ndiyo maana mimi natia gramu 7 za sukari nyeupe kwa kila lita: lita 20, gramu 140. Tumia mizani. Ichemshe kwenye kikombe cha maji, ipoe, imwage kwenye ndoo safi, kisha ishushie bia kwa mpira, mdomo wa mpira ukigusa chini ili isirukeruke. Koroga polepole. Ukitia sukari kijiko kijiko kila chupa, hii itatoka chapwa na ile itapasuka.

Chupa ziwe nzito, za bia, zisizo na ufa. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Moja jaza ya plastiki, ya soda: ukiibinya ikawa ngumu kama mpira wa miguu, gesi imeshaingia. Kreti nafunika gunia, pembeni pasipopiga jua, wiki 2. Halafu friji siku 2 nzima, kwa sababu bia baridi ndiyo inayoshika gesi. Ukiwa na haraka itafoka sakafuni.

Sasa povu. Sehemu 1 kati ya 10 ya kimea iwe ya ngano, utaona tofauti. Lakini adui ni mafuta, na sisi ndio watu wa tui! Glasi iliyofutwa kwa kitambaa cha jikoni haishiki povu hata uimiminie bia ya kiwandani. Mtazame shemeji anayekula samaki wa kupaka: akipiga funda, pale midomo ilipogusa povu linatoboka hapo hapo. Osha, suuza sabuni yote iishe, pindua glasi ikauke yenyewe. Viputo vikiganda ubavuni mwa glasi, rudi ukaoshe.

Mimina ukiwa umeinamisha glasi, ikifika nusu isimamishe, umwage katikati. Kile kidole cha mwisho kiache chupani. Ni mashapo ya hamira, na tumbo la mgeni halina deni na wewe.