Pua inanuka upande moja tu na haiponi? Angalia meno ya juu kwanza

Hapa Goma mutu akianza kutoka makamasi kila mutu anamwambia ni vumbi, na ni kweli vumbi iko, tangu lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 na ile ya 2021 tunaimeza kila siku nyuma ya mamoto, zile pikipiki, lakini vumbi inaingia mu pua zote mbili. Ukiona ni upande moja tu ndiyo imeziba, upande ule ule ndiyo inatoa usaha wa njano ama kijani wenye harufu ya kuoza, na usiku unasikia ladha mbaya inashuka ku koo, basi usirudi ku farmasia kununua antibiotike ingine mbele ya kupeleka meno yako kwa munganga wa meno. Hii ni sinizite, ni kusema ugonjwa wa vyumba vya hewa vya uso, inayotoka ku jino, na watu wanakaa nayo miezi, hata miaka, wakitibisha pua peke yake.

Ujue kwanza vile iko ndani. Chini ya jicho, mu mfupa wa shavu, kuko chumba kitupu chenye hewa, kimoja kila upande, ndiyo wanaita sinisi maksileri. Sakafu ya hicho chumba inakaa juu tu ya mizizi ya magego ya juu, sana sana gego la kwanza na la pili na lile jino linalokuwa mbele yao. Mfupa wa katikati ni mwembamba, na kwa watu wengine hakuna mfupa kabisa, ni kangozi laini tu kanatenganisha mzizi na hewa. Halafu tundu la kutolea uchafu mu kile chumba liko juu, haliko chini, njo maana usaha ukishaingia haushuki wenyewe, unajaa kama maji mu bidon.

Sasa jino likioza mpaka ndani, nerfu, ule mshipa wa kusikia maumivu, inakufa, usaha unajikusanya ku ncha ya mzizi, na ku magego ya juu njia yake ya karibu ni kupanda mu sinisi. Na hapa ndiyo watu wanajidanganya sana: jino likishakufa linaweza kuacha kuuma kabisa. Unamuuliza mutu kama iko na jino baya anakujibu hapana, lile la nyuma liliniumaga mwaka uliopita lakini lilipona lenyewe. Halikupona ndugu yangu, lilikufa, na uchafu ulipata njia ya kupanda. Ugonjwa wa fizi pia unaweza kufanya vile, kama jino linatikisika na fizi zimeshuka.

Njia ya pili ni matibabu yenyewe. Wanatosha (wanang'oa) gego la juu, mzizi unatoka na kipande cha sakafu ya sinisi, panabaki tundu kati ya mdomo na pua. Ao mzizi unakatika na munganga akiufuata anausukuma juu, unaingia mu sinisi. Ao wakati wa kutibisha mzizi dawa ya kujazia inapita ncha na kubaki mule, na dawa zingine zenye zinki zinaweza kuleta hata uyoga mudogo (kuvu) unaokua ndani ya sinisi. Kwa wenye kuweka implanti, jino la bandia lenye skrubu mu mfupa, pia inafikaga. Haimaanishi kila munganga alifanya vibaya, mfupa wa mutu fulani uko mwembamba tu, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Masomo mengi yanaweka sinizite za shavu zinazodumu ambazo chanzo chake ni meno kati ya 10% na 40%, na zile za upande moja tu ndiyo za kushuku zaidi.

Namuwazaga mama moja anayeuzisha sambaza, wale samaki wadogo, ku soko ya Kituku kando ya ziwa. Alikuwa anasikia harufu ya samaki imeoza kila asubuhi, anamwaga maji, anasugua beseni na majivu, anabadilisha hata sehemu ya kukaa, na wenzake wote wanamwambia mama samaki yako ni mizuri, sisi hatusikii kitu. Harufu ilikuwa mu pua yake mwenyewe, upande wa kushoto, na gego la juu la kushoto lilikuwa limebaki mzizi tu. Kama unasikia harufu ambayo wengine hawaisikie, kumbuka huyu mama.

Basi ufanye hivi. Simama mbele ya kioo na tochi ya simu, fungua mdomo, angalia magego ya juu ya upande wenye shida: kuko tundu, jino lenye rangi ya kijivu, mzizi uliobaki, kipele kidogo ku fizi kinachotoaga usaha? Gonga kila jino polepole na mkono wa kijiko, moja moja, na upande mwingine pia ili ulinganishe. Jino moja likijibu tofauti na mengine, andika ni lipi. Kisha ukumbuke kila kitu ulishafanyiwa ku meno ya juu, hata kama ni miaka tatu nyuma, kutosha, kujaza, kutibisha mzizi, na makamasi yalianza lini. Hiyo tarehe ndiyo dokta atahitaji kuliko kitu kingine, na ndiyo watu wanasahauka kusema.

Lakini tahazari, kuko na kinyume chake. Ukiwa na homa ya mafua ya kawaida, sinisi ikivimba inaweza kukuumisha meno ya juu yote ya nyuma pamoja, maumivu yanazidi ukiinama kufunga viatu ao moto ikiruka ku mawe. Pale meno yenyewe ni mazima. Mimi naomba sana watu wasikubali kutoshwa jino juu ya maumivu ya namna hii mbele ya kupimwa, kwa sababu jino zima likishatoka halirudi, na maumivu yatabaki palepale.

Kwa munganga wa meno, usiseme tu "naumwa na jino". Mwambie: pua yangu inatoa usaha upande huu, tangu siku fulani, naomba uangalie kama inatoka ku jino. Atagonga, atapima na baridi kama nerfu iko hai, atapiga radio (picha ya mionzi) ndogo ya jino ama ile panoramike ya mdomo mzima. Ujue kwamba hizo radio zinaweza kuonekana safi na ugonjwa uko, juu magego ya juu yanafunikwa na mifupa mingine ku picha. Kama dalili zote ziko na radio haionyeshe kitu, skaneri, ile mashini ya kupiga picha za ndani kwa vipande, ndiyo inaonyesha mzizi, sakafu ya sinisi na usaha pamoja. Ni bei, najua, uliza mbele ku hopitali mbili tatu, na uombe dokta aandike ku bon, ile karatasi ya kuomba picha, kwamba anataka kuona sinisi NA mizizi ya meno ya juu, ili mwenye kusoma picha asiangalie pua tu. Umuone pia munganga wa ORL (wa masikio, pua na koo), na ile picha moja waione wote wawili. Shida kubwa ya ugonjwa huu ni hiyo, wa pua anaangalia pua, wa meno anaangalia meno, na mgonjwa anazunguka katikati.

Matibabu: chanzo kwanza. Jino linatibishwa mzizi kama linaweza kuokolewa, kama haiwezekani linatoshwa. Antibiotike, mara nyingi ni amoksisiline pamoja na asidi klavulanike, inasaidia kupunguza usaha lakini peke yake haimalize, unapata nafuu wiki moja mbili kisha inarudi. Sema kama penisiline inakukataa, kama uko na mimba ao sukari. Dawa za matone za kufungua pua usipitishe siku 5, zikizidi zinaziba pua zenyewe. Kuosha pua na maji ya chumvi ni vizuri, vijiko vidogo 2 vya chumvi vilivyosawazishwa kwa litre 1, lakini maji yachemke kabisa yapoe, si maji ya ziwa moja kwa moja. Kama umetoka kutoshwa jino na kuko tundu, usioshe pua mpaka dokta akuruhusu. Jino likitibiwa na sinisi ikakataa kukauka, wa ORL anaweza kuifungua kupitia pua na kamera ndogo.

Na kama bado hujatoshwa gego la juu, omba radio mbele, uulize "mizizi iko karibu na sinisi?" Usiende kwa wale wenye koleo mu soko. Kisha ukitoshwa, dalili za tundu ni hizi: chai ao maji yanatokea puani ukinywa, hewa inapita mu jeraha, sauti inabadilika inatokea mu pua. Tundu la chini ya milimita 2 mara nyingi linajifunga lenyewe, kubwa zaidi linahitaji kushonwa, na ikifanywa mapema inakuwa rahisi zaidi, kwa hiyo rudi siku ileile usingojee. Usijipime kwa kubana pua na kupuliza, unaweza kulifungua zaidi. Kwa wiki 2 usipenge makamasi, futa tu. Ukipiga chafya fungua mdomo. Usivute sigara, usinywe na mrija wala kunyonya ku mdomo wa chupa, usipige mbizi ku ziwa, usipulize baluni za watoto wala tarumbeta ya fanfare, usibebe mizigo mizito, na wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, apumzike kweli. Kama uko na safari ya ndege ongea na dokta kwanza. Kula laini, upande mwingine, mahindi ya kuchoma ingoje.

Kuko dalili ambazo hazingoje asubuhi: jicho linavimba ao linasukumwa mbele, unaona vitu viwili viwili, homa kali na kichwa kisichovumilika, shingo ngumu, mutu anaanza kusema ovyo, uso unavimba haraka ao anashindwa kumeza na kupumua. Pale ni ijansi, ni kukimbia hopitali mara moja, usiku ama mchana, usaha unaweza kuwa unaenda ku jicho ao ku ubongo.

Picha zote za radio na skaneri uzichunge nyumbani mu bahasha na tarehe juu yake, na kama baada ya jino kutibiwa bado unasikia harufu, ubebe ile bahasha urudi kwa ORL, usianze upya kwa mwingine bila hiyo.