Umeona ua la ajabu bustanini: namna ya kulitambua na kulipata

Mtu akiuona mmea wa ajabu kwenye bustani ya umma, kawaida hupiga picha moja tu, ya ua, kisha huipeleka kwa muuza miche na kurudi nyumbani na kitu kingine kabisa. Ua ndilo linalodanganya. Ukitaka kuujua mmea, anzia pale jani linaposhikana na tawi. Nitatumia mfano wa Mussaenda, kichaka chenye mashada mekundu, ya pinki au meupe ambacho wapita njia wengi hudhani ni bogenvilia.

Hatua ya 1: Soma kibao chote

Jina la kisayansi lina maneno mawili, mara nyingi kwa herufi za mlazo. Kama kuna jina jingine ndani ya alama moja moja za nukuu, mfano 'Queen Sirikit', hilo ni la aina iliyozalishwa na watu, na ndilo litakalokupa rangi uliyoiona. Nakili yote mawili. Usikiamini kibao kwa asilimia mia, maana kuna vibao ambavyo mmea wake ulishakufa na pembeni pameota mwingine.

Majina nayo hubadilika. Yale maua madogo ya zambarau ya milima ya Usambara, yaliyopewa jina la kisayansi mwaka 1893, kwenye vibao vya zamani utayakuta kama Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wanayaita Streptocarpus ionanthus. Wauzaji bado wanatumia la zamani, kwa hiyo andika yote mawili.

Hatua ya 2: Piga picha za kazi

Mmea mzima, jani juu na chini, shina, ua kwa karibu, tunda kama lipo, na kifundo, yaani pale vikonyo vya majani vinapotokea kwenye tawi. Picha ya kifundo ndiyo wengi huiruka, nayo ina thamani kuliko zote.

Hatua ya 3: Chunguza kifundo na utomvu

Hapa usiwe na haraka. Bogenvilia, poinsetia na Mussaenda zote zinang'aa kwa kitu kinachofanana na petali ambacho si petali. Rangi pekee haitakusaidia.

Kwenye bogenvilia, majani hupishana, moja huku na jingine kule, na kwenye matawi kuna miiba. Vile "vijani" vya rangi huwa vitatu vitatu, na ua lenyewe ni kimrija chembamba kilichosimama katikati. Poinsetia nayo majani yake hupishana, ila haina miiba, na jani likikatika hutoa maziwa. Okota jani bichi lililoanguka, usichume la bustani, na utomvu huo usifike machoni.

Sasa njoo kwenye Mussaenda. Majani yametoka mawili mawili, yakitazamana. Sogeza macho katikati ya vikonyo viwili: utaona kijijani kidogo kilichochongoka, kimelala juu ya tawi. Kinaitwa stipuli. Majani yanayotazamana na stipuli katikati yake ni dalili kubwa ya familia ya kahawa. Kama kwenu kuna mbuni, nenda ukauangalie, utakiona kilekile. Ixora na gardenia nazo ni za ukoo huo.

Ukishafika hapo, ndipo urudi kwenye ua. Ua halisi ni kinyota kidogo. Linalokuvutia ni sepali, yaani kijijani cha nje kinacholifunika ua kabla halijachanua, iliyotanuka ikawa kama jani la rangi. Kwa Mussaenda erythrophylla, yenye asili ya Afrika, hutanuka sepali moja, nyekundu na yenye manyoya laini. Zile zilizozalishwa Ufilipino hutanua zote tano, ndiyo maana shada lake hujaa. 'Queen Sirikit' ni ya pinki, na 'Doña Aurora', iliyopewa jina la mke wa Quezon, aliyekuwa Rais wa Ufilipino, ni nyeupe.

Hatua ya 4: Tumia simu, kisha hakiki

Kuna programu za simu za kutambua mimea. PlantNet hukuuliza kama picha ni ya jani, ua au tunda, basi jibu kwa usahihi. iNaturalist ina faida ya watu halisi wanaosahihisha. Jibu utakalopata lipeleke kwenye Plants of the World Online, tovuti ya Bustani ya Kew ya Uingereza, uone jina linalokubalika sasa na asili ya mmea. Ukikwama kabisa, kuna wataalamu katika hazina za mimea iliyokaushwa, kama ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, iliyoanzia Amani, Tanga, mwaka 1902.

Hatua ya 5: Muulize mtunza bustani

"Shikamoo mzee, samahani, huu mmea mliutoa wapi?" Mara nyingi swali hilo linakumalizia kazi, kwa sababu bustani nyingine huuza miche, na wahusika wanavijua vitalu vyote vya mji.

Hatua ya 6: Nunua kwa macho

Tuma picha na jina la kisayansi kwa WhatsApp kabla ya kufunga safari. Nunua mche ukiwa na ua, la sivyo rangi ni bahati nasibu. Geuza majani utafute vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Tazama matundu ya kiroba: mizizi inayochungulia ni sawa, iliyojizungusha hadi imekuwa gunia ni mche uliokaa mno.

Hatua ya 7: Jua isiyochukulika

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1893, ina mitapo, mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi, na mnazi wa Shelisheli wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Hiyo usiihangaikie. Jamii yote ya mitapo ya Encephalartos iko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambacho ndicho chenye masharti makali zaidi, na mbegu za mnazi ule zinalindwa na sheria za Shelisheli. Mche wowote wa kutoka nje unahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea kabla haujasafiri, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Mbegu za bahasha zinazotumwa kimyakimya na muuzaji wa mtandaoni achana nazo.

Hatua ya 8: Omba tawi kwa jirani

Mussaenda hizi zilizojaa sepali ni nadra kutoa mbegu, na vipando vyake ni vigumu kushika. Mimi naotesha mizizi tawi likiwa bado mtini. Chagua lenye unene wa penseli, menya gamba kuzunguka kwa sentimita 2 hadi 3, kwangua ute wote mpaka uuone mti mkavu, kisha zungushia makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Funga kwa nailoni angavu, kaza juu na chini. Fanya mvua zinapoanza. Mizizi ikishaonekana imejaa ndani ya nailoni, kata chini yake, punguza nusu ya majani, panda kwenye kiroba na ukiweke kivulini hadi kitoe majani mapya.