Benki Ikitajwa Msimamizi wa Wosia wa Mzazi, Usianze kwa Kusaini

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili, imechapwa vizuri, na pale pa kusaini walikuwa wameshatia alama ya X kwa penseli ili tusihangaike kupatafuta. Ilikuwa siku ya tano tangu tumzike Baba. Kijana wa idara ya mirathi alitupa pole, akasema benki itatuondolea mzigo, nasi watoto watatu tukasaini mmoja baada ya mwingine kama watu wanaosaini kitabu cha rambirambi. Mzigo huo ulichukua miaka miwili na miezi minne kuondoka.

Mama alipofuata miaka sita baadaye, wosia wake ulikuwa pacha wa ule wa Baba. Waliandikiwa siku moja na ofisa mmoja, na aya ya pili ilisema vilevile: benki ndiyo msimamizi pekee. Safari hiyo hatukusaini kitu.

Tuanze na cheo chenyewe. Msimamizi wa wosia, wengine humwita wasii, ndiye anayekusanya mali ya marehemu, analipa madeni na kodi, kisha anagawa kinachobaki kama wosia unavyosema. Benki kutajwa hakuifanyi mali kuwa yake, wala hakuilazimishi kuipokea kazi. Aliyetajwa anaweza kukataa, mradi hajaanza kuifanya. Hilo "hajaanza" ndilo la kushika. Benki ikishauza kitu, ikishadai madeni ya marehemu au ikishachukua kibali cha mahakama kwa jina lake, katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza haitoki tena kwa barua tu, inabidi mahakama iiondoe. Sisi kwa Baba tuliamka miezi minne baadaye. Tulikuwa tumechelewa.

Kwa hiyo siku za mwanzo fanya machache. Peleka cheti cha kifo, omba akaunti za marehemu zisimamishwe, na omba nakala ya wosia. Kutoa taarifa ya kifo si kuikubali benki. Ukiletewa fomu, hata ikiitwa ya maelekezo ya awali tu, sema utaisoma nyumbani na uondoke nayo. Hakuna atakayekukatalia.

Nakala ukiipata, soma kwa kalamu mkononi. Je, benki iko peke yake au pamoja na mtu wa familia? Yuko mbadala aliyetajwa endapo benki itakataa? Na kifungu cha ada kinasemaje? Wosia mwingine unasema viwango ni vya siku ulipoandikwa, mwingine unasema vya siku ya kifo, na kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka thelathini. Baba alikuwa na kikaratasi cha viwango alichopewa alipoandika wosia, amekikunja ndani ya bahasha. Tulikipeleka benki kwa matumaini makubwa. Kifungu kilisema siku ya kifo.

Ada yenyewe mara nyingi ni asilimia ya mali, na swali la kuuliza ni asilimia ya nini. Chukua mfano rahisi kwa fedha yoyote: nyumba ya 800,000, akiba ya 150,000 na vyombo vya 50,000. Jumla ni 1,000,000. Marehemu ana deni la 300,000. Ada ya asilimia 4 kwa jumla nzima ni 40,000, lakini ukitoa deni kwanza inakuwa 28,000. Zile 12,000 zinatoka mfukoni mwenu kwa sababu ya neno moja kwenye kifungu. Angalia pia kama wamehesabu vitu visivyopitia wosia kabisa. Bima au pensheni yenye jina la mnufaika, na akaunti ya pamoja ambayo mara nyingi humwangukia aliyebaki hai, kwa kawaida haviingii kwenye mirathi ya kugawa. Kwa Baba waliingiza akaunti aliyokuwa nayo na Mama. Iliondolewa tu kwa sababu Mama mwenyewe aliuliza, "Na hii yangu imekufa lini?"

Sasa, kabla ya kuiomba benki ikae pembeni, jiulizeni kama mnataka hivyo kweli. Kuna familia ambazo benki ndiyo inayozuia ndugu kushikana mashati. Kama kuna watoto wadogo, biashara inayoendelea, madeni yanayoweza kuzidi mali, au ndugu wawili wasiosalimiana, mtu baki mwenye mihuri na mafaili anafaa kuliko kaka mkubwa mwenye nia njema. Pia msimamizi akikosea, hulipa kwa mali yake mwenyewe. Benki inaweza. Dada yako huenda hawezi. Lakini kama mali ni nyumba moja na akaunti mbili, na mnasikilizana, sioni sababu ya kulipa asilimia kwa kazi ya barua ishirini.

Mkikubaliana, andikeni barua moja, na wote mnaorithi ambao ni watu wazima msaini. Barua tatu tofauti hujibiwa majibu matatu tofauti. Yetu kwa Mama ilikuwa fupi hivi:

"Sisi tulio warithi wote wa marehemu, tukiwa watu wazima, tunaiomba benki ikatae usimamizi wa wosia wake kabla ya kufanya jambo lolote kuhusu mali yake. Mali si kubwa wala haina mgogoro, na mmoja wetu yuko tayari kuomba usimamizi. Tunaomba hati ya kukataa iliyosainiwa, pamoja na wosia halisi. Hadi tutakapopata jibu, tunaomba benki isichukue hatua yoyote."

Sentensi ya mwisho msiisahau. Barua ikae mezani mwezi mzima huku idara nyingine inaandikia wadaiwa, mtakuwa mmecheza wenyewe. Sisi tuliipeleka kwa mkono siku ya tisa, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu.

Jibu la kwanza lilikuwa barua pepe ya mistari miwili: benki haina pingamizi. Ndugu yangu alishangilia. Ngoja kwanza. Kutokuwa na pingamizi si kukataa. Mahakama inataka hati rasmi ambayo ndani yake benki inasema imekataa usimamizi na haijajiingiza katika mali ya marehemu. Hati hiyo ndiyo inayomfungulia mlango mrithi kuomba usimamizi wa mirathi yenye wosia ulioambatishwa, yaani kibali cha mahakama cha kugawa mali kwa wosia uleule, kama hakuna mbadala aliyetajwa. Kama benki ilitajwa pamoja na mtu wa familia, mara nyingi mambo ni mepesi zaidi, maana anaweza kuendelea yule mtu na benki ikabaki pembeni.

Benki ikigoma, bado hamjashindwa. Kaeni kwenye ada. Ombeni kiwango kilichopungua, au malipo ya saa yenye kikomo, na mjitolee kufanya kazi za miguu wenyewe: kuorodhesha vyombo, kukusanya bili, kutafuta wathamini wawili. Ulizeni kama wakili, mthamini na dalali watakaotumika wana uhusiano na benki. Ulizeni pia marehemu aliidai au alidaiwa nini na benki hiyo hiyo, kwa sababu msimamizi ambaye pia ni mdai anakaa pande mbili za meza.

Kisha iendesheni kama mtu mliyemwajiri. Chagueni msemaji mmoja. Kila mkimaliza kuongea kwa simu, tumeni ujumbe ulioandikwa: "Tumeelewana leo kwamba…" Maofisa huhama. Kwa Baba tulipitia wanne, na kila mpya alianza kwa kutuuliza jina la marehemu. Ombeni ratiba mapema. Katika sheria ya Kiingereza msimamizi halazimishwi kugawa kabla ya mwaka mmoja tangu kifo, na muda huo huitwa mwaka wa msimamizi. Wakati huo si likizo. Mwaka ukipita, mna haki ya kuambiwa ni kipi hasa kinachochelewesha. Fedha zikiwa zimeshakusanywa, ulizeni ziko akaunti gani na zinazaa nini, na kama zinaweza kugawiwa kwa sehemu.

Mwishoni mtaletewa hesabu pamoja na karatasi ya kusaini kwamba mmeridhika na hamtadai tena. Someni hesabu kwanza, mstari kwa mstari. Ya Baba ilikuwa na kurasa tano, na ukurasa wa nne ulikuwa na neno "mengineyo" lenye tarakimu nene kuliko ada ya mthamini. Niliomba risiti. Wiki tatu baadaye mstari ule ulirudi umepungua kwa theluthi mbili, bila maelezo wala samahani.

Malalamiko yapeleke kwa maandishi kwenye dawati la malalamiko la benki kwanza, maana chombo cha usimamizi wa mabenki au mpatanishi wa huduma za fedha kwa kawaida hukuuliza kama ulishapita hapo. Mahakama iwe ya mwisho. Katika kesi ya Letterstedt dhidi ya Broers ya mwaka 1884, ambamo msimamizi alikuwa kampuni na si mtu, iliwekwa kanuni ambayo bado inatajwa: kinachoangaliwa ni maslahi ya wanaorithi, na uhasama peke yake hautoshi kumwondoa msimamizi. Kusema "hatuwapendi" hakutoshi. Onyesheni mali inavyoharibika au hesabu zinavyofichwa.

Kama mzazi wako bado yupo, yote haya yanafutika kwa nyongeza fupi ya wosia inayobadili jina la msimamizi, ikisainiwa na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Muulize kwa upole tu.

Na wosia halisi mkiupokea, msiuchezee. Wa Mama ulikuja kwenye bahasha ngumu, kurasa tatu zimebanwa kwa pini moja kwenye kona. Mdogo wangu alikuwa ameshachomeka kisu chini ya pini ili kurasa zipite vizuri kwenye mashine ya kutoa nakala. Nilimpokonya. Matundu ya pini yakionekana na pini haipo, mahakama huuliza kulikuwa na karatasi gani nyingine, na nani kaitoa, na mtaandika viapo vya maelezo kwa ajili ya tundu la sindano. Tulipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, yeye ameshika kona na mimi nimeshika taa.