Ukungu wa AC ukutani: someni hapa kabla ya kunitumia picha

Kila masika inboksi yangu hujaa picha za kuta nyeusi na swali lile lile: "Nipake nini?" Naandika mara moja. Ni kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na majirani wa bahari.

1. AC ikiwa inafanya kazi, tazama doa liko wapi. Chini ya AC: bomba la kutolea maji limeziba, trei inayokinga maji ndani ya AC inafurika. Nenda nje, msimu huu lisipodondosha maji, jibu umelipata. Uchafu uvutwe kutokea nje. Ukipuliza unarudisha tope kwenye trei. Doa likifuata njia ya mabomba, sponji ya bomba la shaba imechanika na bomba linatoa jasho ukutani. Mwite fundi alifunge upya.

2. Zima AC kwenye swichi kuu.

3. Osha vichujio, anika kivulini.

4. Ua ukungu. Hapa ndipo kazi huharibika, na mimi nimeshapita humo. Usipake rangi juu ya ukungu. Ukuta utapendeza wiki chache kisha ukungu utachomoza tena, na rangi itabanduka nao. Usiupige brashi ukiwa mkavu, unautawanya nyumba nzima. Lowanisha kwanza, sugua kwa maji ya sabuni, kausha. Kwenye vigae au rangi ya mafuta unaweza kumalizia kwa jiki iliyozimuliwa, madirisha wazi, glovu mkononi. JIKI USICHANGANYE NA SIKI WALA DAWA YA CHOO, inatoa gesi ya klorini. Jipsamu iliyolowa ikaoza haisafishiki: ikate, weka mpya.

5. Rangi baadaye, ukuta ukishakauka kabisa.

MASWALI

— Mkuu, nipake nini?
Hatua ya 1. Maji kwanza.

— Nikitia siki kidogo tu kwenye jiki iwe kali?
Herufi kubwa nimeziandika kwa ajili yako.

— Fundi alisafisha mwezi jana, ukungu umerudi. Somo lako halifanyi kazi.
Alisafisha AC au aliangalia bomba? Ukinijibu hilo tutaendelea.

— Samahani kaka, AC si inakausha hewa? Mbona nikiweka 18 ndiyo kuta zinalowa?
Swali zuri, dada. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuachia maji ikigusa kitu cha nyuzi kama 26. Ukuta wako ukipoa hadi 20 na dirisha halifungi vizuri, hewa ya nje ikiingia inatoa jasho palepale, hasa nyuma ya kabati ambako hakuna upepo. Weka 25 au 26, ziba mianya, sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani. AC kubwa kuliko chumba nayo ina shida: inapoza haraka, inakata kabla haijavuta unyevu. Jaribu alama ya tone kwenye rimoti (ya kukausha hewa), na ukipata kipimo cha unyevu, lenga chini ya asilimia 60.

— Viatu vya ngozi je?
Vitoe kwenye maboksi, vipate hewa.

— Nje ya mada: maji ya AC yanafaa kwa betri ya gari?
Hapana, yamepita kwenye vumbi na chuma. Mwagilia maua.

— Na kupigia pasi?
Mimi napigia.