Kabla hujanunua PS4 yuzdi, uliza gemu ni za nani

Jamani wanaotafuta PS4 yuzdi (ile mashine ya gemu ya Sony) pale Darajani au Mlandege, Unguja, ukiambiwa "hii imejaa magemu ndani" usiongeze hela kwa ajili hiyo. Gemu za kudaunilodi zinakaa kwenye akaunti ya aliyezinunua, mashine imezibeba tu, na masharti ya Sony hayamruhusu kukuuzia hiyo akaunti. Leo zinafunguka, kesho jamaa anapata mashine nyengine anaifanya ndo kuu kwenye akaunti yake, wewe huku unawasha unakuta kila gemu ina alama ya kufuli, na ukimpigia simu hapokei.

Hela yako weka kwenye CD. Hiyo ni mali kweli, unacheza, ukichoka unamuuzia mwenzio wa Chake kule Pemba na yeye anacheza, hakuna wa kumzuia. Itie kwenye mashine hapo hapo dukani, usiishie menyu, ingia mpaka uanze kucheza, na igeuze chini uone mikwaruzo. Vikodi vya zawadi ndani ya kasha vihesabu havipo, vikishatumika basi.

Na ukija kuhamia PS5 chukua yenye sehemu ya CD, maana ile Digital Edition, isiyo na sehemu hiyo, kama ilivyo CD zako zote haitozisoma.

California kule Marekani tokea 2025 sheria inayataka maduka ya mtandaoni yanayouza gemu za kudaunilodi yamwambie mnunuzi wazi kwamba analipia leseni tu, yaani ruhusa ya kuitumia. Huku kwetu hakuna atakaekwambia, kwa hiyo muulize muuzaji mwenyewe kabla hujatoa hela mfukoni.