Jinsi ya Kupanga Wachezaji Ambao Timu Yako Inaweza Kuwachagua Raundi ya Kwanza ya Drafti ya NFL

Orodha nyingi zinazotolewa kila Aprili kabla ya drafti ya futiboli ya Marekani, yaani uteuzi wa wachezaji wapya unaofanywa na timu kwa zamu, huwapanga wachezaji wa vyuo kwa ubora wao tu, kana kwamba timu zote 32 za NFL zina zamu moja na mahitaji yaleyale. Orodha ya namna hiyo haimsaidii sana anayetaka kujua timu yake imchukue nani, kwa sababu meneja mkuu hapimi uwezo wa mchezaji peke yake. Anapima pia atakachopoteza akimwacha, na nani atakuwa bado hajachukuliwa zamu itakapomrudia.

Kwanza ijue zamu yako. Timu 18 zilizokosa hatua ya mtoano huchagua mwanzo, zikianza na ile yenye rekodi mbaya kuliko zote, na bingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, hufunga raundi akiwa wa 32, isipokuwa zamu ikiwa imeuzwa. Timu yenye zamu ya 14 haina haja ya kujadili mchezaji ambaye kila mtu anajua hatavuka nafasi ya tatu. Muhimu zaidi, ikiwa haitabadilishana zamu na yeyote, wachezaji 31 wataondoka kabla haijachagua tena katika nafasi ya 46. Iandike namba hiyo juu ya karatasi yako, maana ndiyo itakayoamua mengi.

Hatua ya pili ni mahitaji, na hapa mashabiki wengi hutazama msimu uliopita tu. Tazama mikataba. Mchezaji wa raundi ya kwanza husaini miaka minne, na klabu ina haki ya kumwongezea wa tano, kwa hiyo takli (mtu wa safu ya mbele anayemkinga mrusha mpira) ambaye mkataba wake unaisha mwakani ni pengo tangu leo hata kama alicheza vizuri. Tangu makubaliano ya mwaka 2011, mishahara ya wachezaji wapya imepangwa kwa mujibu wa zamu: Sam Bradford, wa kwanza kuchaguliwa mwaka 2010, alipewa mkataba wa dola milioni 78, ilhali Cam Newton, wa kwanza mwaka uliofuata, alipata takriban milioni 22. Kwa kuwa kila klabu inabanwa na ukomo wa mishahara, faida kubwa hupatikana katika nafasi ambazo sokoni ni ghali, yaani kwotabeki (mrusha mpira), takli, mvamizi wa pembeni anayemwinda kwotabeki, na mpokeaji wa mipira inayorushwa. Mbeba mpira hushuka ngazi moja kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu hajui mpira. Saquon Barkley, aliyechaguliwa wa pili na New York Giants mwaka 2018, alikuwa na kipaji kisichobishaniwa, lakini Giants walifika mtoano mara moja tu katika misimu yake sita, na yadi zake 2,005 za mwaka 2024 alizikimbia akiwa Philadelphia.

Kisha tazama mechi nzima, si vipande vya matukio bora. Ukimtazama takli, uache mpira uende zake na umkazie macho yeye katika jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, likiwa limebakiwa na yadi nyingi, pale ambapo kila mtu uwanjani anajua kwamba mpira utarushwa. Je, miguu yake inarudi nyuma kwa utulivu, au anageuza nyonga mapema na kumfungulia mvamizi njia ya ndani? Mikono inafika kifuani mwa mpinzani kwanza, au inachelewa na kushika mabega? Vipimo vya mwili wanavyofanyiwa wachezaji Indianapolis kabla ya drafti vije baadaye, kuthibitisha au kutilia shaka ulichoona. Mbio za yadi 40 zina uzito kwa mlinzi anayemkaba mpokeaji, na uzito mdogo sana kwa mtu wa kilo 140 ambaye ni nadra kukimbia umbali huo.

Sasa wagawe katika makundi badala ya kuwapa namba moja moja, na katika kila nafasi uandike pengo kati ya atakayekuwepo sasa na atakayekuwepo raundi ya pili. Ukiona walinzi watano wa kukaba wanaokaribiana na takli mmoja tu wa daraja lake, takli atangulie hata kama mlinzi wa kwanza anampita kidogo kwa kipaji. Mwaka 2021 Cincinnati Bengals, wenye zamu ya 5, walikuwa na kwotabeki Joe Burrow aliyetoka kuumia goti vibaya. Walimwacha takli Penei Sewell, wakamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase, na mtu wa safu ya mbele wakamtafuta raundi ya pili. Chase alipata yadi 1,455 na timu ikafika Super Bowl. Lakini yule wa raundi ya pili hakupata namba ya kudumu, na Burrow aliangushwa mara 51 katika msimu wa kawaida, na mara saba katika fainali. Nionavyo, kumchagua Chase hakukuwa kosa. Kilichopimwa vibaya ni ukubwa wa pengo la takli.

Kwotabeki ana kanuni yake. Kama unaamini yumo katika kundi la juu, apande kileleni hata kama nafasi hiyo ina mtu: Kansas City walikuwa na Alex Smith walipopanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 mwaka 2017 kumchukua Patrick Mahomes. Kama hauamini hivyo, uhitaji peke yake usimpandishe.

Mwisho, ingiza kushuka zamu, yaani kubadilisha zamu yako na ya timu iliyo chini yako, katika orodha kama chaguo kamili. Katika jedwali la thamani ya zamu lililotokana na Dallas Cowboys ya kocha Jimmy Johnson, zamu ya 1 ina pointi 3,000, ya 16 ina 1,000 na ya 32 ina 590. Wachezaji watatu wa kundi moja wakiwa bado wapo unapofika, andika "shuka" juu ya majina yao yote, na kando yake uandike zamu ya chini kabisa ambayo bado unaamini mmoja wao atafika.